Kuepuka Mgongano wa Namba za Utambulisho Miongoni mwa Wasanidi wa Programu Shirikishi: Wakati na Mahali pa Kutoa Namba

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna wasanidi wanaoandika programu moja wakiwa mahali tofauti wanavyojikuta wameipa namba moja ya utambulisho kwa vitu viwili, na njia zilizobuniwa kuepuka hali hiyo. Mifano imechukuliwa kutoka Rails, Django, Business Central ya Microsoft, kiini cha Linux, Protocol Buffers na DHIS2. Hoja inayojengwa ni kwamba ukubwa wa hasara hautegemei sana namna namba ilivyochaguliwa. Unategemea zaidi iwapo namba hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa katika data, au kutumiwa na programu nyingine, kabla ya mgongano kugunduliwa.

1.0 Mgongano Usioonekana

Katika mradi wa programu vitu vingi hupewa namba: majedwali ya hifadhidata, kurasa za kuingizia taarifa, sehemu za ujumbe unaotumwa kati ya kompyuta na kompyuta, hati za kubadili muundo wa hifadhidata. Msanidi afanyaye kazi peke yake hana shida. Hutazama namba ya mwisho iliyotumika, kisha huongeza moja. Kanuni hii ya namba inayofuata ina sharti ambalo kwa kawaida halitajwi, yaani kuwepo kwa mahali pamoja tu panapohesabiwa. Wasanidi wawili wakichukua nakala za mradi uleule asubuhi moja, kila nakala huwa na hesabu yake, na hesabu zote mbili hutoa jibu lilelile.

Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, humpa kila msanidi nakala kamili ya historia ya mradi. Msanidi hufanya kazi katika tawi lake, hata bila mtandao, na matawi huunganishwa baadaye. Wakati wa kuunganisha, Git hulinganisha mistari ya maandishi. Iwapo wasanidi wawili wamebadili mstari uleule kwa namna tofauti, Git husimama na kumtaka mtu aamue. Lakini iwapo mmoja ameunda faili liitwalo 007_ongeza_simu na mwenzake ameunda 007_ongeza_anwani, Git huona mafaili mawili mapya yenye majina tofauti, na huyapokea yote bila kulalamika. Mgongano umo katika maana ya 007, na maana hiyo Git haiijui.

Inafaa kukumbuka kwamba Git yenyewe ilikabiliwa na tatizo hilohilo katika kuyapa mabadiliko yake utambulisho. Subversion, iliyoitangulia, huyapa mabadiliko namba zinazofuatana kwa kuwa ina seva moja inayohesabu. Git haina seva ya lazima, hivyo haina wa kuhesabu. Badala yake hukokotoa kitambulisho kutokana na maudhui yenyewe kwa kanuni ya SHA-1, ambayo hutoa biti 160, yaani tarakimu 40 za mfumo wa kumi na sita. Kilichopotea ni mpangilio. Namba 4512 humwambia msomaji kwamba ilikuja baada ya 4511, ilhali kitambulisho cha Git hakimwambii lolote kuhusu kilichotangulia na kilichofuata. Suala hili la mpangilio ndilo linalowafanya wasanidi wengi washikilie namba zinazofuatana hata pale ambapo zimekwisha kuwaletea madhara.

2.0 Rails Kabla na Baada ya Toleo la 2.1

Mfano unaoonesha tatizo kwa uwazi zaidi ni wa Ruby on Rails, mkusanyo wa zana za kujengea programu za mtandaoni. Katika Rails, muundo wa hifadhidata haubadilishwi kwa mkono. Msanidi huandika hati ya mabadiliko, yaani faili dogo lenye maagizo kama vile kuongeza safuwima au kuunda jedwali, na kila kompyuta yenye nakala ya mradi huzitekeleza hati hizo kwa zamu. Matoleo ya mwanzo yalizipa hati hizo namba zinazofuatana: 001, 002, 003. Kila hifadhidata ilikuwa na jedwali liitwalo schema_info, na ndani yake mlikuwa na namba moja tu, ile ya hati ya mwisho iliyotekelezwa. Rails ilipoagizwa kusasisha hifadhidata, ilisoma namba hiyo na kutekeleza hati zote zenye namba kubwa zaidi.

Ichukuliwe kwamba Asha na Baraka wote wako kwenye hati ya 6. Asha anaandika hati ya 007 ya kuongeza safuwima ya simu. Baraka, katika tawi lake, anaandika 007 ya kuunda jedwali la anwani. Kila mmoja anaitekeleza ya kwake ili aendelee na kazi, na hifadhidata zote mbili sasa zina namba 7. Kazi zao zinapounganishwa, Rails inakuta mafaili mawili yenye namba moja na inakataa kuendelea. Hapo ndipo ilipo rahisi kudhani kwamba tatizo limepatikana mapema na dawa yake ni nyepesi: faili la Baraka libadilishwe jina, liwe 008.

Tatizo ni kwamba hifadhidata ya Baraka bado inasema 7. Kwa Rails, maana yake ni kwamba hati ya 007, ambayo sasa ni ya Asha peke yake, imekwisha kutekelezwa, kwa hiyo inairuka. Kisha inajaribu kutekeleza 008, ambayo ni kazi iliyokwisha kufanyika, na inashindwa kwa kuwa jedwali la anwani tayari lipo. Baraka akilifuta jedwali hilo kwa mkono ili hati ipite, itapita. Namba itakuwa 8, kila kitu kitaonekana kimekaa sawa, na safuwima ya simu haitaongezwa kamwe katika hifadhidata yake. Hakuna ujumbe wa kosa utakaomwarifu, ila siku programu itakapoitafuta safuwima hiyo na kuikosa.

Kubadili jina la faili kulirekebisha msimbo, lakini namba 7 ilikuwa imekwisha kutoka katika faili na kuandikwa ndani ya hifadhidata, mahali ambapo Git haifiki. Ikiwa hifadhidata hiyo ni ya kompyuta ya Baraka tu, hasara ni mchana mmoja, kwani anaweza kuifuta na kuijenga upya. Ikiwa ni ya seva ambamo tawi la Baraka liliwahi kuwekwa ili watumiaji walijaribu, na watumiaji hao wamekwisha kuingiza anwani zao, hakuna tena njia nyepesi. Mtu hulazimika kuisoma hifadhidata jedwali kwa jedwali ili ajue ni hati ipi hasa iliyotekelezwa chini ya namba 7.

Toleo la 2.1 la Rails, lililotoka Juni 2008, lilileta mabadiliko mawili. La kwanza ni kwamba hati zilianza kupewa muhuri wa wakati wenye tarakimu 14 badala ya namba zinazofuatana: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Saa inayotumika ni ya UTC, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni vema kulizingatia hilo, kwani hati yenye namba 20080601120000 iliundwa saa tisa kamili alasiri kwa saa za Dar es Salaam. Lau kila kompyuta ingetumia saa ya mahali ilipo, hati ya msanidi wa Dar es Salaam ingeweza kuonekana imekuja baada ya hati ya mwenzake wa London iliyoandikwa saa nzima baadaye. La pili ni kwamba jedwali la schema_info liliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na schema_migrations, ambalo huweka orodha ya hati zote zilizotekelezwa, kila hati na mstari wake.

Badiliko la kwanza ndilo hutajwa zaidi, lakini la pili ndilo lenye uzito mkubwa zaidi. Muhuri wa wakati hupunguza uwezekano wa wasanidi wawili kupata namba moja, maana ni sharti wote wawili waunde hati katika sekunde ileile. Orodha, kwa upande wake, hubadili swali linaloulizwa. Zamani Rails iliuliza, “Hifadhidata hii imefika wapi?” Sasa huuliza, “Ni hati zipi ambazo hifadhidata hii bado haijazitekeleza?” Kama Rails ingeleta muhuri wa wakati na kuliacha jedwali lenye namba moja, hati ya tawi lililochelewa kuunganishwa ingekuwa na namba ndogo kuliko ile iliyosajiliwa, nayo ingerukwa kimyakimya kama ilivyorukwa hati ya Asha.

Hata hivyo mpangilio haukupatikana kikamilifu. Muhuri hueleza wakati hati ilipoandikwa, hausemi iliunganishwa lini. Tawi lililokaa wiki tatu huingia na muhuri wa wiki tatu zilizopita. Katika kompyuta ambazo tayari zilikuwa na hati nyingine, hati hiyo hutekelezwa mwisho, lakini katika kompyuta mpya inayoanza na hifadhidata tupu, hutekelezwa katikati. Iwapo hati mbili zinagusa safuwima moja, kompyuta hizo mbili zaweza kuishia na miundo tofauti ilhali orodha zao zinafanana kabisa.

3.0 Mpangilio Usiotegemea Namba

Django, zana inayofanya kazi sawa na Rails katika lugha ya Python, ilichukua njia nyingine katika toleo la 1.7 la mwaka 2014. Mafaili yake yana namba zinazofuatana, 0006, 0007 na kadhalika, lakini namba hizo ni za kumsaidia mtu asomaye tu. Kila hati hutaja kwa jina hati inayoitegemea. Asha na Baraka wakiandika kila mmoja 0007 yake, zote mbili zitataja 0006, na Django itaona kwamba mnyororo umechanuka matawi mawili yasiyo na mwisho mmoja. Husimama hapo na kumtaka msanidi aandike hati ya kuyakutanisha, na hata huweza kumwandikia. Kwa kuwa hifadhidata husajili majina kamili ya hati, kazi iliyokwisha kufanyika haipotezi utambulisho wake.

Ubora wa njia hii ni kwamba mgongano haufichwi. Baadhi ya timu huenda mbali zaidi, huweka faili dogo lenye jina la hati ya mwisho pekee, na kila anayeongeza hati hulazimika kuubadili mstari huo mmoja. Matokeo yake Git, isiyojua maana ya namba, inapata mstari wa kugombaniwa na inasimama wakati wa kuunganisha. Wasanidi huliona jambo hili kama kero, lakini ni kero inayojitokeza saa ambayo kusahihisha ni kazi ya dakika chache.

4.0 Kugawana Namba na Kuzipanua

Kuna mifumo ambamo namba haziepukiki kwa kuwa mfumo wenyewe umejengwa juu yake. Business Central ya Microsoft, programu ya biashara na uhasibu iliyotokana na Navision ya Denmaki, huvitaka vitu vingi vinavyoundwa na msanidi, kwa mfano jedwali au ukurasa, viwe na namba isiyorudiwa ndani ya aina yake. Namba 50,000 hadi 99,999 zimetengwa kwa ajili ya marekebisho ya mteja mmoja mmoja, na anayetaka kuuza bidhaa yake katika soko la Microsoft hupewa fungu lake na Microsoft. Mradi mpya unapoanzishwa, faili la maelezo huja likiwa na fungu la 50100 hadi 50149. Wasanidi wawili wa kampuni mbili, wasiojuana, wakiliacha fungu hilo kama lilivyo, kazi zao hazitaweza kusimikwa pamoja kwa mteja mmoja.

Ndani ya timu moja, dawa ya haraka ni kugawana: huyu achukue 50100 hadi 50119, yule 50120 hadi 50139. Ugawaji huu hufaa timu ya watu watatu wanaokaa chumba kimoja. Mtu akihama, fungu lake hubaki nusu limetumika na hakuna anayejua lilipoishia, na mgeni akija hupewa mabaki. Zana za kuandikia msimbo hupendekeza namba iliyo wazi, lakini iliyo wazi katika tawi la msanidi huyo tu. Dawa inayodumu ni kuwa na msajili mmoja, iwe ni seva ndogo au daftari la pamoja, ambaye kila msanidi humwomba namba kabla ya kuitumia, na namba ikishatolewa haitolewi tena hata kama kazi iliyoiomba imeachwa. Gharama yake ni mapengo katika mfuatano na ulazima wa kuwa na mtandao.

Kuchagua kwa bahati hakusaidii pale fungu lilipo dogo. Wasanidi 12 wakichagua kila mmoja namba moja bila mpango kati ya namba 100, uwezekano wa angalau wawili kugongana unakaribia nusu. Tena hesabu hiyo huwapendelea wasanidi, maana inadhani kwamba wanachagua kwa bahati kweli, ilhali watu hupenda namba za mviringo.

Bahati huaminika pale tu namba zinapokuwa nyingi mno. Kitambulisho cha UUID kina biti 128, na katika toleo lake la nne biti 122 kati ya hizo hupatikana kwa bahati. Ingehitajika kutoa vitambulisho takribani bilioni 2.7 mara bilioni moja ndipo uwezekano wa mgongano mmoja ufike nusu. Waraka wa RFC 9562 wa mwaka 2024 uliongeza toleo la saba, ambalo biti 48 za mwanzo ni wakati kwa kipimo cha milisekunde, na hivyo vitambulisho hujipanga vyenyewe kwa wakati. Kisichopatikana ni wepesi wa kutamkwa. Mteja anaweza kusema kwa simu kwamba ukurasa wa 50112 haufunguki, lakini hawezi kusoma herufi na tarakimu 32 bila kukosea.

5.0 Namba ya Muda na Namba Isiyorudi

Katika kiini cha Linux, programu huomba huduma za mfumo kwa njia ya miito, na kila mwito una namba. Anayependekeza mwito mpya huandika katika jedwali namba inayofuata, sawa na afanyavyo Asha. Tofauti ni kwamba wote wanajua kuwa namba hiyo ni ya muda. Wasanidi wawili wakipendekeza miito tofauti kwa namba moja, atakayetangulia kupokelewa huibakiza, na wa pili hubadilishiwa wakati wa kuunganisha. Hakuna hasara, kwa kuwa hakuna programu ya mtumiaji iliyotegemea namba ya pendekezo. Hatari ipo kwa anayeisambaza programu iliyotafsiriwa kwa namba ya pendekezo, kwani siku namba hiyo itakapopewa mwito mwingine, programu yake itaomba huduma isiyoikusudia. Toleo likishatoka, namba haibadilishwi tena.

Ugumu wa kuibadili namba iliyokwisha kutoka unaonekana katika historia ya jedwali hilo. Kwa miaka mingi kila aina ya kichakataji ilikuwa na orodha yake, kiasi kwamba mwito wa kusoma faili ni namba 0 katika x86-64, namba 3 katika i386 na namba 63 katika arm64. Tangu toleo la 5.1 la mwaka 2019, miito mipya hupewa namba moja katika karibu aina zote, kuanzia 424. Orodha ya x86-64 ilikuwa imefika 334, ikaruka moja kwa moja. Miito ya zamani iliachwa na namba zake zisizolingana.

Protocol Buffers, mtindo wa Google wa kupanga ujumbe unaosafiri kati ya programu, huonesha mgongano wa aina nyingine, ambao wahusika wake hawakuwahi kufanya kazi wakati mmoja. Katika ujumbe huo jina la sehemu halisafiri, husafiri namba yake. Msanidi akifuta sehemu ya 5 iliyobeba umri, na miaka mitatu baadaye mwingine akaona 5 ni wazi akaipa idadi ya watoto, ujumbe wa zamani uliohifadhiwa utasomwa bila kosa lolote, na mtu wa miaka 34 ataonekana ana watoto 34. Kwa sababu hiyo lugha hiyo ina neno reserved, ambalo huitangaza namba kuwa imestaafu, na mtafsiri wa msimbo hukataa atakayejaribu kuitumia tena. Ni neno fupi la kuandika na rahisi kusahauliwa, kwa kuwa siku ya kufuta hakuna kinachoharibika.

6.0 Kitu Kimoja, Vitambulisho Viwili

DHIS2, mfumo huria wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika katika nchi nyingi zikiwemo Tanzania na Kenya, hukipa kila kipengele cha data na kila kituo kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, ya kwanza ikiwa lazima herufi. Nafasi zilizopo ni zaidi ya bilioni 40 mara bilioni moja, na seva yoyote inaweza kujitolea vitambulisho bila kumwuliza yeyote. Ndiyo sababu usanidi uliotengenezwa katika seva ya majaribio unaweza kuhamishiwa seva ya taifa bila vitambulisho kugongana. Kwa kipimo cha sehemu zilizotangulia, tatizo limekwisha.

Lakini kitambulisho kisichogongana hakizuii kitu kimoja kusajiliwa mara mbili. Timu mbili zikiunda kila moja kipengele cha wagonjwa wapya wa malaria walio chini ya miaka 5, mfumo hutoa vitambulisho viwili tofauti na kuvipokea vyote. Lau vingekuwa namba zinazofuatana, huenda vingegongana, na mgongano ungemfanya mtu atazame. Hapa hakuna kinachogongana. Vituo vya wilaya moja vyaweza kujaza kipengele hiki na vya wilaya ya pili kujaza kile, na jumla ya mkoa inayosomwa kwa kitambulisho kimoja hutoka pungufu, bila ishara ya kosa.

DHIS2 ina nafasi ya msimbo unaopangwa na watu, ambao unaweza kutumika kulinganisha vitu wakati wa kuhamisha taarifa, na vifurushi vya viwango vya Shirika la Afya Duniani huja vikiwa na vitambulisho vyake tayari ili nchi zisijitengenezee vya kwao. Njia zote mbili hufanya kazi iwapo zimetangulia data. Vituo vikishajaza, kuvikutanisha vipengele viwili humaanisha kuhamisha takwimu za kila mwezi kutoka kitambulisho kimoja kwenda kingine. Kwa miezi ambayo kituo kimejaza vyote viwili, afisa wa takwimu hana budi kurudi kwenye rejesta ya karatasi ya kituo hicho, ahesabu kama ni wagonjwa walewale au wengine.